Kunyakua Bendera Kwanza: Mazoezi ya Mpira wa Bendera kwa Watoto Wetu

Kocha anayeanza kuwafundisha watoto mpira wa bendera, yaani ule mtindo wa futiboli ya Kimarekani usiokuwa na kukumbana, kwa kawaida huanza na kurusha. Nalielewa jambo hilo, kwa sababu mpira wenyewe umechongoka pande zote mbili, unavutia macho, na kila mtoto anayeushika kwa mara ya kwanza anataka kuona utafika wapi. Hata hivyo, kwa watoto wa miaka 8 hadi 14 ninaowafundisha jioni huku Temeke, nina msimamo ambao niko tayari kuutetea mbele ya kocha yeyote: wiki za mwanzo zote ziwe za kunyakua bendera. Mchezo huu hausimami mpaka bendera itoke kiunoni, kwa hiyo timu isiyojua kunyakua haichezi chochote. Mwenye mbio kuliko wote huchukua mpira, hukimbia hadi mwisho wa uwanja, hufunga, kisha hufunga tena, na wenzake hukata tamaa kabla hata hawajatoka jasho.

Nieleze mchezo kwa ufupi kwa ajili ya wazazi na walimu ambao hawajawahi kuuona. Katika kanuni za kimataifa kila upande una wachezaji 5. Uwanja una urefu wa yadi 50 na upana wa yadi 25, na kila mwisho unaongezewa eneo la kufungia lenye yadi 10. Timu yenye mpira hupewa majaribio 4 ya kuvuka nusu ya uwanja, na ikivuka hupewa mengine 4 ya kufunga. Bao lina pointi 6. Kila mchezaji huvaa mkanda wenye bendera zinazoning'inia kwenye nyonga, na mlinzi humsimamisha mwenye mpira kwa kunyakua bendera hiyo bila kumsukuma, kumkumbatia wala kumwangusha. Mzazi aliyeona kwenye televisheni wanaume wenye kofia ngumu wakigongana vifua huwa na wasiwasi, na wasiwasi wake ni wa haki. Namkaribisha akae pembeni atazame zoezi moja tu, na mara nyingi hilo linatosha. Wengine hushangaa zaidi wakisikia kwamba mchezo huu umo katika Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028, kwa wanaume na kwa wanawake, baada ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kuupitisha katika kikao chake cha Mumbai mwezi Oktoba 2023.

Vifaa visiwe kizuizi. Bendera zetu zimeshonwa na fundi cherehani wa mtaani kutokana na mabaki ya vitenge, upana wa vidole vitatu na urefu wa sentimita 40 hivi, nazo hushikizwa kwenye mkanda wa lastiki kwa ule utepe wa kunatana unaotumika kwenye viatu vya watoto. Alama za uwanjani ni kandambili zao wenyewe, kama wanavyozifanya magoli kwenye chandimu, au chupa za maji zilizojazwa mchanga. Jambo ambalo silikubali kabisa ni kufunga bendera kwa fundo. Bendera iliyofungwa haitoki ikivutwa, na mtoto anayevutwa kiunoni akiwa katika mbio huanguka vibaya. Jambo la pili ni mifuko. Kidole cha mlinzi kikiingia kwenye mfuko wa kaptura ya mwenzake kwa kasi kinaweza kuvunjika, na ndiyo sababu kanuni zinataka kaptura zisizo na mifuko. Kwa kuwa kaptura nyingi za watoto wetu zinayo, nawaomba wazazi waishone kwa mkono, mishono michache tu, ambayo inaweza kufumuliwa baadaye. Shati huchomekewa ili lisifunike bendera, na msichana anayevaa mtandio huubana kwa ndani ya fulana ili mkono wa mlinzi usiupate kwa bahati mbaya.

Kabla ya filimbi ya kwanza watoto hupanga mstari mmoja upana wote wa uwanja na kutembea polepole hadi mwisho, macho chini, wakiokota vipande vya chupa, misumari na vizibo. Wengi wao hucheza pekupeku, na viwanja vya wazi vya jiji hili hutumika kwa kila kitu, kuanzia gulio hadi mikutano ya hadhara. Nalihesabu tendo hilo kuwa sehemu ya mazoezi, na sijawahi kuliruka hata siku tulizochelewa.

Zoezi ninaloliweka juu ya mengine yote tunaliita uchochoro. Chora mistari miwili sambamba iliyoachana kwa hatua tano, yenye urefu wa hatua kumi na tano. Mtoto mmoja husimama mwisho huu akiwa na mpira na bendera zake, mwenzake husimama mwisho ule mikono mitupu. Filimbi ikilia wanakuja kukutana: mmoja anatafuta njia ya kupita, mwingine anatafuta bendera, na anayekanyaga nje ya mstari amekwisha. Yote huchukua sekunde chache, kisha wanabadilishana nafasi. Ukiwa na watoto ishirini, chora vichochoro vitano na uweke watoto wanne katika kila kimoja, kwa sababu zoezi lenye foleni ndefu humfundisha mtoto kusubiri tu. Kila mtoto anapaswa kunyakua au kukosa mara nyingi ndani ya dakika kumi, huku mwili wake bado unakumbuka alichofanya mara iliyopita.

Mwanzoni karibu wote hukosa, na sababu hazizidi tatu. Ya kwanza ni macho. Watoto wetu wamekulia kwenye chenga za mpira wa miguu, na anayepiga chenga vizuri hudanganya kwa kichwa, kwa mabega na kwa mguu anaoutupa pembeni bila kuukanyagia. Kitu pekee kisichoweza kudanganya ni nyonga, kwa kuwa mwili wote hufuata zinakoelekea. Mtoto mmoja aliwahi kunijia akilalamika, "Kocha, nilimfikia kabisa, halafu akapotea." Nikamuuliza alikuwa anamwangalia wapi. "Usoni," akasema. Nikamuuliza kama usoni kuna bendera. Tangu siku hiyo wenyewe kwa wenyewe wanakumbushana, "Kiunoni, mwanangu, kiunoni!" na sauti hiyo inasaidia kuliko maelezo yangu marefu.

Sababu ya pili ni miguu, na hapa ndipo penye kazi kubwa. Mlinzi anayemwendea mwenzake kwa mbio kamili hawezi kugeuka mwenzake akigeuka, hata awe na macho makali namna gani. Namfundisha akimbie kwa nguvu zote mpaka zibaki hatua tatu hivi, kisha afupishe hatua ghafla, akunje magoti, ashushe makalio na achezeshe miguu kwa hatua ndogo za harakaharaka, uzito ukiwa mbele ya nyayo. Akiwa katika hali hiyo anaweza kwenda kulia au kushoto kwa usawa. Mtoto wa miaka tisa haelewi maneno hayo akiambiwa, lakini anayaelewa akiyafanya, kwa hiyo siku za mwanzo uchochoro unachezwa kwa kutembea tu. Wakubwa hulalamika kuwa ni mchezo wa watoto wadogo. Nawaacha walalamike huku wakitembea, na tunapopandisha kasi hadi nusu ya mbio, kisha mbio kamili, wale waliotembea vizuri ndio wanaonyakua.

Sababu ya tatu ni mkono. Wengi hunyoosha vidole kama wanaookota kitu cha moto, nacho kitambaa kinawateleza. Bendera hushikwa kwa kiganja kizima, kwa mkono ulio karibu nayo, na huvutwa kuelekea chini huku miguu ikiendelea kwenda. Anayejirusha chini kwa ajili ya bendera huumia na huwaumiza wengine, kwa hiyo kwetu kujirusha hakuhesabiwi hata bendera ikitoka. Aliyefanikiwa husimama palepale na kuiinua bendera juu. Katika mechi hilo humsaidia mwamuzi kujua mahali jaribio lilipoishia, na katika mazoezi humpa mtoto nafasi ya kuonekana na wenzake.

Uchochoro ukishazoeleka naupanua hadi hatua nane, na hapo huongezeka akili. Mlinzi anayesimama katikati kabisa humpa mwenzake njia mbili. Anayesimama upande mmoja kidogo humwachia njia moja tu, kuelekea mstari wa pembeni, na mstari huo humfanyia kazi bila malipo. Baadaye naweka wawili kwa wawili, ili wajifunze kuitana na kugawana pande. Sioni ubaya wa kulirudia zoezi hili kila jioni, mwaka mzima, hata kwa watoto wanaolijua vizuri.

Ndugu yake wa karibu ni zoezi la pembe. Mwenye mpira hukimbia kufuata mstari wa pembeni, mlinzi huanzia katikati ya uwanja, mbali naye. Mtoto asiyefundishwa humkimbilia mwenzake mahali alipo, na akifika hapo hamkuti. Nachomeka kijiti ardhini mbele zaidi kwenye njia ya mkimbiaji na kumwambia mlinzi akimbilie kijiti. Baada ya marudio machache nakiondoa kijiti, na macho yake yanakuwa yameanza kukikadiria chenyewe. Zoezi hili lina faida kubwa kwa watoto wasio na kasi, ambao katika michezo mingi ya mtaani huachwa pembeni. Mtoto mzito anayechagua pembe sahihi humzuia mwenye mbio, nami nimeona jinsi jambo hilo linavyobadilisha namna anavyosimama uwanjani.

Kwa upande wa mwenye mpira, kazi ya kocha ni ndogo. Chenga wanazo. Kinachobaki ni kuwazuia wasifunike bendera kwa mkono au kwa mpira, kwa kuwa hilo ni kosa, na mtoto anayehisi mkono wa mlinzi karibu huufunika mwili wake bila kufikiri. Tunacheza katika mraba wa hatua kumi na tano, wote wakiwa na bendera, kila mmoja akiwinda za wenzake huku akilinda zake kwa miguu peke yake. Kila mtoto hubeba mpira au chupa tupu mkononi, ili mikono yote miwili isipate nafasi ya kushuka kiunoni. Dakika mbili zinatosha, kisha wapumzike, kwa maana zoezi hili huchosha kuliko linavyoonekana.

Kudaka ni habari nyingine, na hapa wasichana wengi hutangulia. Mvulana aliyekulia kwenye kandanda huupokea mpira kwa kifua, akiufungia mikono dhidi ya mbavu, na mpira uliochongoka hudunda kifuani na kuanguka. Msichana anayecheza netiboli shuleni tayari anadaka kwa vidole, mikono ikiwa mbele ya mwili. Aliyecheza rede tangu utotoni ana zaidi ya hapo, kwa sababu amezoea kuufuata mpira mdogo wa nguo unaorushwa kwa nguvu kutoka pande mbili na kuukwepa katika sekunde ya mwisho. Nawapanga wawiliwawili, msichana na mvulana, wakiwa wameachana kwa hatua tano, na namwomba msichana amfundishe mwenzake. Mpira ukija juu ya kifua, vidole gumba hukaribiana. Ukija chini ya kiuno, vidole vidogo ndivyo vinavyokaribiana. Macho huusindikiza mpira mpaka uingie viganjani, na baada ya hapo mpira hupelekwa kwapani kabla ya hatua ya kwanza ya kukimbia. Mipira mingi huanguka kwa sababu mtoto ameanza kutazama anakokwenda kabla hajamaliza kudaka.

Wasichana wakiniuliza kama mchezo huu ni wao kweli, nawaeleza kuhusu Michezo ya Dunia ya mwaka 2022, iliyofanyika Birmingham, katika jimbo la Alabama. Katika fainali ya wanawake Mexico iliifunga Marekani 39 kwa 6, tena katika ardhi ya Marekani, ikiongozwa na mrushaji wake Diana Flores. Sina hotuba ya kuongeza baada ya matokeo hayo. Wanarudi kwenye mazoezi.

Kurusha huja sasa, watoto wakiwa tayari wanajua kwa nini mpira unahitaji kurushwa upesi. Wanaanza wakiwa wamepiga goti moja, lile la upande wa mkono wanaorushia, ili miguu isiingilie kati na bega lifanye kazi yake. Vidole hukaa juu ya nyuzi, yaani ile mishono iliyoinuka upande mmoja wa mpira, na kati ya kiganja na mpira huachwa nafasi ndogo. Mpira huinuliwa hadi usawa wa sikio, bega la mbele huelekezwa kwa anayerushiwa, na mkono ukishauachia mpira hushuka kumalizikia kwenye nyonga ya upande wa pili. Mkono wa mtoto mdogo hauwezi kuushika mpira wa mtu mzima, na kumlazimisha ni kumfundisha tabia mbaya ya kuusukuma kwa kiganja. Mpira mdogo wa watoto usipopatikana, hata mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba na kupewa ncha mbili unafaa kwa zoezi la goti. Umbali ni hatua saba au nane. Nawakataza kushindana kurusha mbali, kwa sababu katika mchezo wa watano kwa watano pasi nyingi zinazofaa ni fupi, na mrushaji hana muda. Katika ligi za watoto za NFL Flag huko Marekani mrushaji hupewa sekunde 7 tu, nami hutumia kipimo hicho kwa kuhesabu kwa sauti.

Njia za kukimbia naziweka tatu tu kwa msimu wa kwanza. Moja ni hatua tano kisha kusimama na kumgeukia mrushaji, ya pili ni hatua tano kisha kukata kuelekea katikati, na ya tatu ni moja kwa moja hadi mwisho. Nazichora mchangani kwa kijiti, na kila mtoto huzitembea kabla ya kuzikimbia. Mguu wa nje ndio unaokanyagiwa wakati wa kukata, na mrushaji hujifunza kuuachia mpira kabla mpokeaji hajageuka. Watoto wanaojua njia tatu vizuri huzipata nyingine kwa siku chache. Waliofundishwa tisa kwa mkupuo mmoja huzichanganya zote.

Mvamizi, yaani mlinzi anayeruhusiwa kumwendea mrushaji, huanzia yadi 7, yaani mita 6 na ushee, nyuma ya mstari wa kuanzia, ule ambapo mpira huwekwa jaribio linapoanza. Simwingizi kabisa mpaka mrushaji awe amerusha kwa utulivu katika mazoezi mengi bila kusumbuliwa. Akiingizwa mapema, mrushaji mdogo hujifunza kuogopa: hurusha akiwa anarudi nyuma, macho yakiwa kwa mvamizi, na kuiondoa hofu hiyo baadaye huchukua muda mrefu kuliko kuizuia.

Dakika ishirini za mwisho ni za mechi, kila siku, bila kujali kama mazoezi yamekwenda vizuri. Tunacheza watatu kwa watatu kwenye viwanja viwili vidogo ili kila mtoto auguse mpira, na kila baada ya majaribio machache mrushaji hubadilishwa. Mtoto anayenyang'anywa mechi kama adhabu hujifunza kuyachukia mazoezi. Ninapotaka kusisitiza jambo fulani, hubadilisha hesabu ya pointi: kwa mfano, jioni moja bendera iliyonyakuliwa kabla ya mwenye mpira kupiga hatua tano huhesabiwa sawa na bao, na walinzi huamka wote.

Saa ya kuanza ni suala la afya. Kati ya Desemba na Machi joto la Dar es Salaam, pamoja na unyevu wake, humchosha mtoto kabla hajajua kuwa amechoka, kwa hiyo tunaanza saa kumi na nusu jioni, jua likiwa limeanza kulegea, na kumaliza kabla giza halijaingia. Ratiba hupangwa pia kwa kuzingatia siku za madrasa, kwani mtoto hapaswi kuchagua kati ya ustadhi na kocha. Maji hunywewa kila baada ya dakika kumi na tano, kwa filimbi, hata na anayesema hana kiu. Mtoto anayelalamika kichwa kuuma au kuhisi kizunguzungu hukaa chini ya mwarobaini, hulowanishwa shingo na kwapa, na siku hiyo harudi uwanjani hata akiomba kwa machozi. Akianza kuchanganyikiwa au kutapika, safari ni ya zahanati bila kusubiri.

Masika yakianza mwezi Machi, uwanja wetu hugeuka tope na mbio hazifai. Tunahamia kwenye baraza la madarasa, ambako sakafu ya saruji huteleza ikilowa, kwa hiyo hatukimbii kabisa. Tunachora njia kwa chaki na kuzitembea, tunadaka kwa umbali mfupi, tunarusha kwa goti tukiwa tumetandika magunia, na tunajifunza kukabidhi mpira mkono kwa mkono, kiwiko cha juu kikiwa kimeinuliwa na mikono yote miwili ikifungua nafasi ya kuupokea. Bendera zilizolowa hufuliwa na kuanikwa siku hiyohiyo, la sivyo utepe wake hujaa tope na kuacha kunata. Mpira wa ngozi hufutwa kwa kitambaa na kukaushwa kivulini, kwa kuwa ukiachwa juani hukakamaa na vidole vidogo havipati tena mshiko kwenye nyuzi zake.